Stendibai, Chaneli ya Kumi na Sita

Mpaka leo mtu akiniambia "kaa stendibai" damu inanichemka. Bosi wangu wa sasa hulitumia neno hilo kila siku, kwa nia njema kabisa, na hajui kwa nini namkazia macho. Nilijifunza kulichukia Dubai, juu ya paa la jengo moja la Al Muraqqabat, katikati ya kamba za nguo, nikiwa na redio ambayo kwa sheria za kule sikupaswa kuwa nayo.

Redio niliirithi kwa baba. Sisemi ile yenyewe, nasema ugonjwa wa redio. Alikuwa fundi katika mji mdogo wa mpakani, mkoa wa Mara, karibu kabisa na Kenya. Watu wa forodha na polisi wa mpaka walimletea simu zao za upepo zikiharibika. Akishazitengeneza ilibidi azijaribu, na kuzijaribu maana yake kuzisikiliza, basi sisi tulikula chakula cha jioni huku tukisikia lori la nani limekwama matopeni, nani ameitwa ofisini, nani anamtafuta nani. Mama alilalamika kwamba nyumba yake imegeuzwa kituo cha polisi. Mimi nilipenda sana. Wenzangu shuleni walijua majina ya wachezaji wa mpira. Mimi nilijua sauti za watu wa mpaka, yupi ana mafua na yupi ameamka vibaya. Baba hakunikataza. Aliweka sharti moja tu: ninachokisikia kiishie masikioni mwangu. Kwake hiyo ilikuwa heshima ya kazi, na nililishika sharti hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikalivunja kwa simu moja ya kwenda Unguja.

Dubai nilikuwa mhudumu wa mkahawa, kule Jumeirah Lake Towers, zamu ya kuanzia mchana. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea kahawa watu wa maofisini ambao hawakuondoa macho kwenye simu zao hata wakati wa kusema ahsante, wale waliosema. Nilikuwa nalala ng'ambo kabisa ya mji, Al Muraqqabat, katika chumba tulichogawana wanawake kwa mapazia. Asubuhi zilikuwa zangu. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kibangladeshi, aliniachia ufunguo wa paa kwa sababu nilimfulia mashuka yake pamoja na yangu.

Ile redio niliikuta katika duka la vitu vya mitumba, nyuma ya mahoteli madogo. Muuzaji aliiweka pamoja na vitu vibovu kwa sababu, alisema, haishiki stesheni yoyote, inalia upepo tu. Niliitambua kabla sijaigusa. Wapenzi wa mambo haya huiita skana: inapita kwenye mawimbi moja baada ya jingine na kusimama panapokuwa na mtu anayesema. Haina kitufe cha kusemea. Inasikia tu, basi.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akisafisha vyumba hotelini, alipoiona alijishika kichwa.

"Weh! Ukishikwa na hiyo kitu usiseme unanijua. Mimi niko na watoto home."

"Ni redio tu."

"Redio inaimbanga. Hiyo inanong'ona."

Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi niliogopa pia, lakini siyo vya kutosha. Niliifunga kwenye taulo, nikaipandisha paani pamoja na beseni la nguo, nikaanza kutafuta.

Sehemu kubwa hakukuwa na cha kusikia. Polisi wa kule na watu wa mipaka ya nchi kavu walikuwa wamezifunga sauti zao, ukizinasa unasikia mvua juu ya bati. Bahari ndiyo iliyokuwa wazi. Bahari haiwezi kufungwa, kwa sababu meli ikizama ni lazima yeyote aliye karibu aisikie ikiita. Chaneli ya kumi na sita ndiyo ya kuitana: meli inaita, inajibiwa, kisha wawili hao wanahamia chaneli nyingine kumalizia mazungumzo yao. Na waliokuwa wakiisimamia ile bahari, wakijua nani ameingia, nani ametia nanga, nani asikanyage nchi kavu, ni walinzi wa mpaka wa majini. Jina lao silitaji. Meli zilikuwa zikiwaita Kituo, nami nitawaita hivyo.

Ndivyo nilivyorudi utotoni. Kila asubuhi, nikianika nguo, nilisikia sauti za watu wa mpaka. Kulikuwa na afisa mmoja wa zamu ya asubuhi, Kiingereza chake kizuri, mpole, hakupandisha sauti hata siku moja. Siku za mwanzo nilimpenda. Nilimwambia mwenzangu wa Nakuru kwamba hata mkahawani sijawahi kusikia mtu mwenye adabu kama yule.

Kisha nikaanza kuisikia meli moja.

Ilikuwa meli kuukuu ya mizigo, imetia nanga mbali na bandari, mwenyewe ameitelekeza. Hili lilikuwa jambo la kawaida kuliko mtu anavyodhani. Tajiri anaishiwa, anazima simu, anabadilisha ofisi, na watu wake wanabaki juu ya chombo. Hawawezi kushuka, kwa sababu hawana ruhusa ya kuingia nchini. Hawawezi kuondoka, kwa sababu hakuna mafuta. Na wakipata wa kuwachukua, sheria inasema chombo kilichotia nanga hakiachwi bila watu, mpaka waje wengine badala yao, na wengine hao ni tajiri ndiye wa kuwaleta. Kila mtu ukimuuliza atakuonyesha kifungu chake cha sheria, na vifungu vyote viko sawa. Hicho ndicho kinachonikasirisha. Hakuna aliyevunja kitu.

Aliyekuwa akiita kutoka meli hiyo alikuwa mwanamume, Kiingereza chake cha kujifunzia kazini. Aliomba maji ya kunywa. Aliomba mboga. Aliomba Kituo kimwambie wakala wa meli apokee simu. Na yule afisa wangu mpole alijibu kila siku maneno yale yale: "Wasiliana na wakala wako. Kaa stendibai." Kuwasiliana na wakala ambaye ndiye huyo huyo asiyepokea simu. Boti ya maji ilikwenda siku moja moja, nitakuwa mwongo nikisema haikwenda. Lakini hilo stendibai halikuwahi kuwa na mwisho. Mtu ukimwambia asubiri ni lazima kuwe na kitu kinachokuja.

Siku moja, Kituo kilipomaliza naye, sauti nyingine ikamwita kwa lafudhi ya Unguja mjini: "Shehe, twende sita." Nikazungusha swichi ya redio mpaka chaneli ya sita, na vibanio vya nguo vikanidondoka.

Walikuwa wanazungumza Kiswahili.

Huyo wa pili alikuwa kwenye tagi, zile boti za kukokota meli kubwa, akiingia na kutoka bandarini kila siku, mwenye simu na mwenye vocha. Huyo wa meli alikuwa baharia wa injini, simu yake imekata laini siku nyingi. Walikuwa wamesoma madrasa moja. Kila wa tagi alipopita karibu, walihamia sita, wakaongea kwa Kiswahili kwa raha zao, maana nani Dubai angekuwa anawasikiliza?

"Leo mmekula nini?"

"Samaki."

"Na jana?"

"Samaki. Na kesho, inshallah, samaki. Mie n'naota magamba, hebu niangalie nikishuka."

Nilicheka peke yangu juu ya paa. Nilianza kupanga kufua kwangu kwa saa zao. Siku nyingine walisomana dua, siku nyingine waligombana kuhusu mpira. Mara moja baharia alimsomea mwenzake namba ya simu ya mjomba wake, aliyekuwa akiishi na mama yake, ili ampelekee salamu. Aliisoma polepole, akairudia. Niliiandika kiganjani kwa kalamu ya oda za mkahawa, bila sababu. Nilipofika chini niliiingiza kwenye simu yangu, vilevile bila sababu.

Ikaja asubuhi ambayo wa tagi aliita mapema kuliko kawaida.

"Umekula?"

"N'shakula."

"Hapo uko na nani?"

"N'takuwa na nani? Kapteni kalala. Kwani vipi?"

"Hamna. Umekaa au umesimama?"

Hapo nikaacha kuanika.

"Nimesema na mjomba wako," wa tagi akaendelea. "Anasema mama anaumwa kidogo. Ukipata nafasi jitahidi uende."

Niliisogeza redio karibu na sikio.

"Anaumwa nini?"

"Presha tu."

"Nani yuko nae?"

"Wapo wote."

"Wote nani?"

"Wote. Hata wa Pemba wamevuka."

"Aa," akasema baharia. "Haya. Ahsante."

Niliketi juu ya beseni lililofunikwa. Ndugu hawavuki maji kutoka Pemba kwa sababu ya presha. Mtu wa kwetu, awe Mwislamu au Mkristo, wa pwani au wa bara, akishaulizwa kama amekaa au amesimama, halafu akaambiwa mzazi wake anaumwa kidogo na ajitahidi kwenda, hahitaji tena kuambiwa kitu. Mama yule alikuwa ameshazikwa. Mimi nilijua, wa tagi alijua, na ile "aa" ilinionyesha kwamba baharia naye alijua. Sote watatu tulikuwa tumekubaliana kwamba ni presha.

Basi baharia akarudi chaneli ya kumi na sita, akaita Kituo, akasema kwa Kiingereza chake: mama yangu ni mgonjwa sana, naomba kushuka niende nyumbani.

"Mgonjwa yuko melini?" akauliza afisa.

"Hapana, sir. Yuko Zanzibar."

"Ugonjwa wa mtu aliye nchi nyingine si dharura ya chombo. Kifo cha mzazi, hiyo ni kesi nyingine, tunaweza kuitazama, wakala akileta karatasi au ubalozi wako ukituandikia. Mama yako amefariki?"

Nilisimama.

"Ni mgonjwa, sir. Mgonjwa sana."

"Basi wasiliana na wakala wako. Kaa stendibai."

Nilipiga ukuta wa tangi la maji kwa kofi mpaka mkono ukawasha. Sijui nilimkasirikia nani zaidi. Afisa alikuwa amefungua mlango kwa upole wake ule ule, akamwambia mtu pa kupitia, na mtu akakataa kupita, kwa sababu ya adabu tuliyofundishwa sote tangu tukiwa watoto. Na kesho yake akasema hivyo hivyo. Na keshokutwa. "Mgonjwa sana, sir." "Stendibai." Nilikuwa nikiipigia kelele redio, sema amekufa, sema, sema, na mwenzangu wa Nakuru akanichungulia mlangoni na kuniambia naanza kuwa mtu wa kuombewa.

Ndipo nikavunja sharti la baba. Niliitafuta ile namba, nikapiga Unguja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hunijui, mjomba. Niko Dubai. Nimemsikia mpwa wako kwenye redio."

"Redio gani? Kaanza kutangaza?"

Nikaeleza vibaya, nikaeleza tena, vibaya zaidi. Akaniuliza kama mimi ni wale wa "ile hela tuma kwa namba hii." Nilimwambia sitaki hela. Nyuma yake nilisikia masufuria yakigongana na watu wengi wakizungumza kwa sauti za chini, na mtoto akinyamazishwa. Nikasema, "Poleni na msiba, mjomba."

Nilisikia mlango ukifungwa, na masufuria yakawa mbali.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimesikia mlivyomwambia yeye."

Nilipomsikia anavuta pua nikalainika kidogo, lakini si vya kutosha. Nikamwambia waache habari ya presha. Nikamwambia kuna afisa anayesubiri neno moja tu, kwamba karatasi ya kifo ikipelekwa ubalozini mpwa wake atashushwa, na kwamba kila siku wanayoficha wanamfungia wao wenyewe kule kule.

"Mwanangu," akasema, "mauti hayasemwi kwenye simu ya upepo, dunia nzima ikisikia. Mtu akiambiwa, lazima pawe na watu. Mmoja huku, mmoja huku. Yule yuko juu ya chuma katikati ya maji. Nani atamshika?"

"Na sasa mnamshika? Mnamshika kwa presha?"

"Akijitupa je? Utamfuata wewe na hiyo redio yako?"

Nikapandisha sauti. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mzee, tena mzee aliyemzika dada yake juma lile. Nilimwambia adabu yao ni ya watu wenye nafasi, wenye majirani na mikeka, na yule hana hata maji ya kuoga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi kapumzike." Akakata.

Nilikwenda kazini nikiwa nimevimba. Siku ile mteja mmoja alirudisha kahawa kwa sababu povu lilikuwa dogo, nikamtazama mpaka akaichukua tena. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, pamoja na wale wa madirishani wenye kuiona bahari kutoka ghorofa za juu, wakiipiga picha, zile meli zikionekana kwa mbali zimetulia vizuri.

Kesho yake mjomba akapiga mwenyewe. Hakunisalimia sana. Alisema wamekaa, wamezungumza. Karatasi itapelekwa. Lakini kwanza mtoto aambiwe na mtu, uso kwa uso. Wa tagi ameombwa apande kwenye ile meli, akae naye, amshike, amwambie. Baada ya hapo Kituo kiambiwe wanachotaka kuambiwa. "Umeridhika?" aliniuliza, na sikujua kama ni swali au ni kofi. Nilisema nimeridhika. Kwa kweli niliona ni akili kubwa kuliko zote nilizomtolea mimi.

Ikabaki ruhusa. Boti haisogei kwenye chombo kilichozuiwa bila ruhusa ya Kituo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa paani na nguo ambazo hazikuwa chafu. Wa tagi akaita Kituo kwenye kumi na sita. Akaomba kusogea ubavuni mwa ile meli, muda mfupi tu.

"Kwa shughuli gani?" akauliza afisa.

"Shughuli ya binafsi, sir."

"Unapeleka bidhaa?"

"Hapana."

"Unachukua mtu?"

"Hapana, sir. Kuongea tu. Dakika kumi."

"Unaweza kuongea kwa redio."

Wa tagi akakwama. Nilimsikia amebonyeza kitufe na hasemi kitu, injini yake inanguruma nyuma. Baharia alikuwa anasikiliza, sote tulijua, kila chombo kinasikiliza kumi na sita, ndiyo kazi ya kumi na sita.

"Sir, si jambo la kusema kwa redio. Tafadhali."

"Siwezi kutoa ruhusa bila kujua shughuli. Taja shughuli yako. Ova."

"Ni ya kifamilia, sir."

"Familia gani? Taja shughuli yako. Ova."

Hakuwa mkali. Ningesema alikuwa mkali ningejisikia vizuri. Alikuwa akifanya kazi yake, anaijaza nafasi iliyo wazi mbele yake, na nafasi ilitaka neno. Wa tagi akaanza kusema, "Sir, kwetu sisi," akaacha. Akaanza tena, "Huyu mwenzangu, mama yake," akaacha tena.

Ndipo baharia akaingia. Hakumwita mtu kwa utaratibu, hakutaja jina la chombo. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama alivyosoma ile namba ya simu:

"Kituo, mwache. Mama yangu amekufa. Hilo ndilo alilotaka kuja kuniambia. Mama yangu amekufa. Ova."

Afisa akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Alisema vizuri, kwa ulimi wake mwenyewe, sauti yake kwa mara ya kwanza ikiwa sauti ya mtu. Kisha akavuta pumzi na kusema: "Nimepokea. Chombo, kaa stendibai. Tagi, ruhusa haijatolewa. Kaa stendibai."

Hilo ndilo nisiloweza kulisamehe. Angekuwa mtu asiyejua kifo ni nini ningemwacha. Alijua. Alijua mpaka maneno ya kusema, na mama yake pengine yuko hai mahali fulani anamngojea kwa chakula cha mchana, na alipokwisha kuyasema maneno yale akarudi kwenye kiti chake.

Nitasema hapa yaliyofuata, kwa sababu sitaki kuimalizia hadithi hii kwa hayo. Baharia alishushwa. Karatasi zilipita kwa wakala, kwa ubalozi, kwa mtu huyu na yule, zikakaa stendibai kila mahali, na alipofika Unguja arobaini ilikuwa imeshasomwa. Mjomba alinipigia kuniambia amefika, amekonda, amekwenda kaburini kwa mama yake. Aliniambia pia kwamba tangu siku ile ya kwanza baharia alijua, na kila asubuhi alipomwambia afisa "mgonjwa sana" alikuwa anajipa siku moja zaidi ya kuwa na mama. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeshughulika kumpigia kelele aseme.

Lakini asubuhi ile, baada ya afisa kunyamaza, kwanza kulikuwa na upepo tu. Kisha kwenye chaneli ya kumi na sita, ambayo ni ya kuitana na ya kufa maji, sauti moja nisiyoijua ikasema, "Pole, ndugu yangu." Ikaja nyingine, ya Kingazija au ya Kibajuni, sikuitambua: "Pole sana. Mungu amrehemu." Ikaja ya Mkenya, "Pole sana bro, jikaze." Kumbe tulikuwa wengi. Kumbe muda wote ule bahari ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakisikia samaki wa jana na samaki wa kesho, na presha, na ndugu wa Pemba waliovuka, nao wamenyamaza kama mimi. Sauti zilikuja kutoka kwenye meli za mafuta, kwenye boti za mchanga, sijui wapi, moja juu ya nyingine mpaka zikagongana na kukwaruzana. Afisa akasema, kwa upole, vyombo vyote viache chaneli wazi. Zikaendelea. Akasema tena.

Mimi nilikuwa nimeileta redio mdomoni. Nilikuwa nasema pole, pole baba, pole, kwa sauti yangu yote, kwenye kitu kisicho na pa kusemea.

Mwenzangu wa Nakuru alikuwa anapanda ngazi na beseni lake. Alinikuta hivyo, machozi na kamasi, nguo safi ziko chini, nasema pole. Alitupa beseni, maji yakamwagika mpaka kwenye ngazi, akanikumbatia kwa nguvu kutoka nyuma kama anavyozuiliwa mtu asijitupe.

"Woi, ni mum? Ni mum yako? Pole, mami. Pole. Kaa chini. Niko na wewe."

Mama yangu alikuwa mzima, Mara, pengine anachambua mchele. Nilijaribu kumwambia. Nilimwambia siyo mimi, ni yule, nikanyoosha mkono kuelekea baharini, upande ambao majengo yalituziba tusiyaone hata maji. Alifikiri ni uchungu unaosema. Akaninyang'anya redio akaiweka chini, akanikalisha sakafuni, akakishika kichwa changu kifuani pake kwa mikono yote miwili, mimi nisiyefiwa.